Tafuta jivuno kwanza: mwongozo wa kusoma hukumu za manabii juu ya dola kubwa

Msomaji wa Biblia akifika Isaya 13, mara nyingi hufanya nilichofanya mimi kwa miaka: huruka hadi sura ya 40, panapoanza "watulizeni mioyo". Katikati anaacha Babeli, Moabu, Dameski, Misri, Tiro, majina ya miji iliyokufa, na picha moja baada ya nyingine. Nyota zinazimika, mji unageuka makao ya bundi, mfalme analala juu ya funza. Anayejaribu kusoma huchoka kwa sababu hajui ashike wapi.

Mwongozo huu unakupa mahali pa kushika. Nimeutumia peke yangu, na pia katika darasa la Biblia la jioni lenye wavuvi, walimu, mama lishe na vijana wanaotaka kubishana. Kifungu kimoja huhitaji kama saa mbili. Usijaribu vifungu vitatu kwa siku.

Mahali penyewe ni hapa: Isaya 13 hadi 23, Yeremia 46 hadi 51, Ezekieli 25 hadi 32, Amosi 1 na 2, Obadia yote na Nahumu yote. Huko ndiko manabii wa Israeli na Yuda walikowageukia wakubwa wa dunia yao.

Vitu vya kuwa navyo

Tafuta Biblia mbili za Kiswahili, Union Version na Habari Njema. Ya kwanza ina mwendo wa ushairi, ya pili itakukwamua pale ya kwanza inapokuwa nzito. Pamoja nazo uwe na daftari, kalamu mbili za rangi tofauti, na ramani, hata ile ya kurasa za mwisho za Biblia. Kamusi ya Kiebrania si lazima. Maneno machache utakayoyahitaji nitakupa njiani.

Hatua ya 1: Weka jina mahali pake na wakati wake

Usianze na maana. Anza na swali la mwenyekiti wa mtaa: huyu ni nani na anatoka wapi? Andika juu ya ukurasa jina la taifa linalosemwa, kisha tarehe zake kubwa. Ukishika hizi chache, utakuwa umemaliza nusu ya kazi.

Ashuru ilikuwa kaskazini ya Mesopotamia, na mji wake mkuu wa mwisho mwisho ulikuwa Ninawi. Iliufuta ufalme wa Israeli wa kaskazini mwaka 722 KK, ikaivamia Yuda mwaka 701 KK chini ya mfalme Senakeribu, na Ninawi ukaanguka mwaka 612 KK mikononi mwa Wababeli na Wamedi. Babeli ilichukua nafasi yake, ikabomoa Yerusalemu na hekalu mwaka 587 au 586 KK, kisha ikachukuliwa na Koreshi wa Uajemi mwaka 539 KK. Misri ilikuwepo muda wote, ikiahidi msaada na mara nyingi ikichelewa. Tiro ulikuwa mji wa Wafoinike juu ya kisiwa, pwani ya Lebanoni ya leo, tajiri kwa biashara ya bahari. Edomu ilikuwa taifa dogo la milimani kusini ya Bahari ya Chumvi, ndugu wa Israeli kwa ukoo wa Esau.

Wakati mwingine kifungu chenyewe kitakupa tarehe. Nahumu 3:8 anauambia Ninawi: je, wewe ni bora kuliko No-Amoni? Huo ni mji wa Thebes wa Misri, ambao Waashuru wenyewe waliuteka mwaka 663 KK. Basi Nahumu alisema maneno yake baada ya mwaka huo na kabla ya 612. Na swali lake lina kisu ndani: Ninawi unakumbushwa mji uliouvunja kwa mikono yake, kisha unaambiwa nawe ni zamu yako.

Hatua ya 2: Soma kwa sauti, ujue ni wimbo wa namna gani

Hapa wengi hukosea kwa kusoma kimya. Haya ni mashairi, na shairi lisilotoka mdomoni ni kama ngoma iliyotundikwa ukutani. Soma kifungu chote kwa sauti, mara mbili, bila kusimama kufafanua. Kisha jiulize: mtu akiimba hivi mtaani kwetu, tungesema kuna nini? Msiba? Matusi ya mipasho? Kesi barazani?

Mara nyingi jibu litakuwa msiba. Neno tunalolitafsiri "ole" kwa Kiebrania ni hoi, na katika 1 Wafalme 13:30 ndilo wanalolia waombolezaji juu ya maiti. Nabii anapouambia mji uliojaa watu na ngome "ole wako", masikio ya kwanza yalisikia kilio cha matanga kikipigwa mlangoni kwa mtu aliye hai, ameketi anakula. Ezekieli 27 inaanza waziwazi kwa agizo hilo: umfanyie Tiro maombolezo. Tiro yenyewe bado ipo, na meli zake ziko majini.

Isaya 14 ni kilio pia, ila kilio cha kejeli. Mfalme wa Babeli anashuka kuzimu, na wafalme waliokufa zamani wanainuka vitini mwao kumpokea: hata wewe umekuwa dhaifu kama sisi? Mtu wa Zanzibar aliyezoea taarabu anaijua sauti hii. Ni mipasho, inayoimbwa makaburini.

Nahumu 3:2-3 ni namna nyingine kabisa. Humo karibu hamna vitenzi. Mjeledi, magurudumu, farasi, upanga, mkuki, maiti, maiti tena, mpaka watu wanajikwaa juu ya maiti. Ukisoma kwa sauti utaona pumzi inakatika, na ndivyo alivyotaka.

Angalia pia nyakati za vitenzi. Isaya 21:9 inasema Babeli "umeanguka, umeanguka", ilhali bado umesimama. Kiebrania kinatumia umbo la tendo lililokamilika, na Kiswahili kinalibeba vizuri kwa -me- yetu. Anayesema "umeanguka" anaongea kama aliyetoka kuuona mji chini na vumbi bado liko hewani. Ukibadilisha kuwa "utaanguka", shairi linakuwa utabiri wa hali ya hewa.

Hatua ya 3: Tafuta jivuno

Hii ndiyo hatua iliyonifungua macho, na ndiyo sababu ya mwongozo mzima. Chukua kalamu ya rangi ya kwanza. Piga mstari chini ya kila kitu ambacho dola hiyo inajisifia, iwe kwa maneno ya kinywa chake au kwa mali yake. Kisha kwa rangi ya pili piga mstari chini ya kila picha ya adhabu. Zilinganishe. Karibu kila mara utakuta picha ya hukumu imekatwa kutoka kitambaa kilekile cha jivuno.

Chukua Misri, Ezekieli 29. Farao ni joka kubwa lililolala kati ya mito yake, wasomaji wengi wanamwona mamba, naye anasema: mto huu ni wangu, nimeufanya kwa ajili yangu mwenyewe. Adhabu yake je? Kulabu tayani. Anavutwa kutoka majini na samaki wa mito yake wamegandamana na magamba yake, anatupwa jangwani. Mamba nchi kavu. Sisi tunaoishi kwenye maji ya mto huohuo, Naili, unaotoka Jinja ukielekea kaskazini, hatuhitaji maelezo marefu: mamba ndani ya maji ni mfalme, na mamba mchangani mbali na mto ni nyama ya ndege. Nabii hakuleta silaha mpya kutoka mbinguni. Amemwondolea tu yule mnyama kitu alichodai kukiumba.

Au Ashuru. Wafalme wake walipenda simba. Walijichonga ukutani wakiwapiga mishale, na michoro ya Ashurbanipali ya uwindaji huo leo iko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Nahumu 2:11-13 anauliza: liko wapi pango la simba, mahali simba alipowararulia watoto wake na kujaza pango mawindo? Mwindaji wa simba amefanywa simba, na sasa yeye ndiye anayewindwa.

Ashuru tena, Isaya 37:29. Mungu anamwambia Senakeribu: nitatia kulabu yangu puani mwako. Usidhani hilo ni neno la hasira tu. Mwana wa Senakeribu, Esarhadoni, aliacha jiwe la ushindi lililofukuliwa Zincirli, kusini mwa Uturuki, ambalo linamwonyesha amesimama mrefu ameshika kamba, na mwisho wa kamba kuna mateka wawili wadogo waliotobolewa midomo. Hivyo ndivyo dola hiyo ilivyopenda kujionyesha kwa watu. Isaya amechukua kamba ileile akabadilisha aliyeko mwisho wake.

Edomu walikaa juu ya majabali wakisema nani atatushusha? Obadia anajibu kuwa hata ukipanda juu kama tai na kuweka kiota kati ya nyota, utashushwa. Babeli walihesabu nyota, na makuhani wake walikuwa mabingwa wa anga wa dunia yao. Isaya 47:13 anawakejeli hao wasoma nyota, na katika Isaya 13:10 nyota zenyewe zinagoma kuwaka.

Ukishaona jambo hili, hutahitaji kukariri orodha ya "alama na maana zake". Kuna vitabu vingi vya hivyo: simba ni hiki, maji ni kile. Mimi siviamini sana. Maji ya Tiro ni bahari iliyomtajirisha. Maji ya Isaya 8:7-8 ni mto Frati unaofurika mpaka Yuda inafikwa shingoni, na huo ni jeshi la Ashuru. Neno ni moja, shughuli mbili. Maana yake itoke ndani ya shairi lenyewe.

Hatua ya 4: Fuata picha moja mpaka ivunjike

Manabii hawachomoi picha na kuitupa. Wanaijenga. Chagua picha kuu ya kifungu chako, iandike hatua kwa hatua inavyokua, mpaka mstari inapovunjika. Nitaonyesha kwa Ezekieli 27, sura ninayoipenda kuliko zote za aina hii.

Tiro inasema: mimi ni mkamilifu wa uzuri. Haya, anasema nabii, tuseme wewe ni meli. Anaanza kuiunda kama fundi. Mbao zimetoka Seniri, mlingoti ni mwerezi wa Lebanoni, makasia ni mialoni ya Bashani, tanga ni kitani ya Misri yenye nakshi, chandarua cha sitaha ni nguo ya samawi na zambarau. Wapiga makasia ni wa Sidoni na Arvadi. Wazee wa Gebali na mafundi wao wamo ndani, wakitia kalafati.

Hapo kwenye kalafati darasa letu lilisimama. Mzee mmoja, fundi wa majahazi tangu ujana, alikuwa kimya jioni zote mpaka neno hilo. Akaomba lisomwe tena. Akatueleza jinsi pamba inavyolowekwa mafuta na kugongwa kati ya mbao kwa patasi, jinsi fundi anavyosikiliza mlio wa nyundo kujua kama imekaa, na kwamba chombo hakizamishwi na mawimbi makubwa kama watu wanavyodhani, huzamishwa na uzi mmoja wa kalafati uliolegea. Kisha akasema huyu nabii alimjua fundi, au alikaa na mafundi. Sijui mfafanuzi gani angetusaidia zaidi ya hapo.

Baada ya chombo kukamilika, kuanzia mstari wa 12, shairi linageuka hati ya shehena. Usiruke, hata kama inachosha. Fedha, chuma, bati na risasi kutoka Tarshishi. Farasi kutoka Togarma. Ngano, asali, mafuta na zeri kutoka Yuda na Israeli, maana hata watu wa Mungu walikuwa wateja wa duka hili. Pembe za ndovu na mpingo. Manukato, vito na dhahabu kutoka Sheba. Na katika mstari wa 13, bila kubadilisha sauti, wanadamu, pamoja na vyombo vya shaba. Anayesoma sura hii Bagamoyo hahitaji kuelezwa pembe na watu wanaingiaje katika orodha moja.

Meli inajazwa. Inajazwa mno. Na unapofika mstari wa 26, picha inavunjika kwa sentensi moja: wapiga makasia wamekuleta kwenye maji makuu, upepo wa mashariki umekuvunja moyoni mwa bahari. Mistari zaidi ya 20 ya kujenga, mmoja wa kuzamisha. Kisha kila kilichopakiwa kinatajwa tena kikizama: mali, bidhaa, mabaharia, manahodha, mafundi wa kalafati. Ndiyo, nao wanatajwa tena. Mwisho wake mabaharia wa vyombo vingine wanashuka, wanasimama nchi kavu, wanajitupia mavumbi kichwani wakiuliza: nani alikuwa kama Tiro?

Sasa rudi sura moja nyuma. Katika Ezekieli 26:5 na 26:14 Tiro itakuwa mwamba mtupu, mahali pa kuanikia nyavu. Jina la mji huo kwa Kiebrania ni Tsor, lenye maana ya mwamba. Mji umerudishwa kwenye jina lake. Na nyavu zilizoanikwa juu ya mawe, kwa mtu wa pwani, si picha ya kutisha. Ni asubuhi ya kawaida. Wavuvi wawili wanatandaza nyavu pale palipokuwa na soko la dunia, na nadhani hilo linaumiza kuliko moto.

Fanya hivi kwa kifungu chako. Orodhesha jinsi picha inavyojengwa, weka alama mahali inapovunjika, kisha angalia ni kitu gani kilichojengwa mwanzo kinachorudi mwishoni. Zoezi zuri la pili ni mwerezi wa Ezekieli 31, mti ambao maji ya vilindi yaliukuza, ndege wakajenga matawini mwake, mpaka kina cha shimo unapoangukia.

Hatua ya 5: Nyota zikizimika, usikimbilie darubini

Isaya 13:10 inazima jua, mwezi na nyota. Isaya 34:4 inakunja mbingu kama gombo. Wengine wakiona haya husema: basi hii si Babeli ya kale, hii ni siku ya mwisho. Soma mistari inayofuata kabla ya kuamua. Isaya 13:17 inawataja Wamedi kwa jina, na Isaya 34 inataja Edomu. Nabii anazungumzia anguko la dola halisi, kwa ukubwa linaostahili. Dola ikianguka, kwa watu waliokuwa chini yake mbingu kweli zimeanguka: mfalme, fedha, mipaka, miungu, kalenda, vyote vimekwenda. Nasi husema dunia imepinduka, na hakuna anayetoka nje kuangalia kama nyumba ziko miguu juu.

Sisemi kwamba waandishi wa baadaye hawakuona siku ya mwisho humo. Waliona, na tutafika huko. Nasema tu uanze na Babeli.

Ndivyo pia ilivyo kwa Isaya 14:12, "nyota ya alfajiri, mwana wa asubuhi". Wengi wamefundishwa kuwa huyu ni Shetani tangu mstari wa kwanza. Mstari wa 4 unasema ni mithali juu ya mfalme wa Babeli, na mstari wa 16 watu wanamkazia macho wakiuliza: huyu ndiye mtu aliyetetemesha dunia? Mtu. Jina Lusiferi lilitoka kwenye neno la Kilatini la nyota hiyo, na usomaji wa Shetani ukakua baadaye ndani ya Kanisa. Darasani sibishani na anayeushikilia. Namwomba tu asikie kwanza kejeli ilivyo: nyota ya alfajiri hung'aa kuliko zote, na ndiyo inayomezwa jua likichomoza.

Na usipite mstari wa 8. Mierezi ya Lebanoni inashangilia: tangu ulale, mkata miti hajatupandia. Nebukadreza mwenyewe, mfalme wa Babeli aliyebomoa Yerusalemu, aliacha maandishi kwenye mwamba wa Wadi Brisa, Lebanoni, akijisifu jinsi alivyokata mierezi. Hapa miti inapewa nafasi ya kujibu.

Hatua ya 6: Uliza ilikuwaje baadaye, na usidanganye

Hii huwaogopesha watu. Babeli ilianguka, lakini mwaka 539 KK Koreshi aliingia bila mji kuchomwa, na watu waliendelea kuishi humo kwa karne nyingi. Tiro ilizingirwa na Nebukadreza kwa miaka 13, kama mwanahistoria Myahudi Yosefo anavyoeleza, na kisiwa hakikuachwa mwamba mtupu. Ulikuja kubomolewa na Aleksanda Mkuu wa Makedonia mwaka 332 KK, baada ya kuzingirwa miezi saba, alipojenga barabara ya mawe baharini kwa vifusi vya mji wa bara. Hata hivyo Tiro uliinuka tena, na leo ni mji wa Lebanoni wenye watu na bandari.

Wahubiri wengine hulainisha haya. Hakuna haja, kwa sababu Ezekieli mwenyewe hakuyalainisha. Soma 29:17-20, neno lenye tarehe ya mwaka 571 KK. Anasema wazi kwamba Nebukadreza amelitumikisha jeshi lake kazi ngumu juu ya Tiro, kila kichwa kimepata upaa na kila bega limechubuka, na hakupata ujira wowote. Nabii anarudi kwenye neno lake la zamani mbele ya watu wote na kuhesabu hasara. Nionyeshe mtabiri wa mtandaoni anayefanya hivyo.

Kwa hiyo katika daftari weka safu mbili: kilichosemwa, na kilichojulikana kutokea. Pasipolingana, acha pasilingane. Shairi la hukumu lilitolewa ili dola ionekane ilivyo, lipime urefu wake na kuisemea neno. Si ratiba ya treni.

Hatua ya 7: Subiri kisu kigeuke

Ukifurahia sana adhabu ya wengine, umefika pale nabii alipotaka ufike. Amosi alikuwa mfugaji wa Tekoa, kusini, akahubiri kaskazini wakati wa Yeroboamu wa pili. Alianza kwa Dameski: kwa makosa matatu, naam, kwa manne. Kisha Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu. Pata picha ya wasikilizaji wakiitikia kila mara kwa nguvu zaidi. Yuda likafuata, na bado waliitikia, maana Yuda ni jirani anayewasumbua. Ndipo akasema: kwa makosa matatu ya Israeli. Makosa ya mataifa mengine yalikuwa ya vita: kupura watu kwa chuma, kuuza mateka, kupasua wajawazito. Makosa ya Israeli yalikuwa ya sokoni na mahakamani: kumuuza maskini kwa jozi ya viatu. Amosi akayaweka kwenye mstari mmoja nayo.

Yeremia 25 inafanya vilevile. Mataifa yote yanapewa kikombe cha ghadhabu wanywe mpaka wapepesuke, na wa kwanza kunywa, mstari wa 18, ni Yerusalemu. Wa mwisho anaitwa Sheshaki. Huyo ni Babeli kwa maandishi ya fumbo: herufi ya kwanza inabadilishwa na ya mwisho, ya pili na ya pili kutoka mwisho, hivyo B-B-L inakuwa Sh-Sh-K. Jina hilo linarudi Yeremia 51:41 pamoja na Babeli lenyewe, kwa hiyo halikuwa siri kubwa. Nadhani lilikuwa utani wa watu walio chini, ambao wote tunaujua: mkubwa hapewi jina lake mbele ya watoto.

Katika kipindi cha darasa, hatua hii iache kwa dakika 20 za mwisho na usiulize "adui zetu ni nani?". Uliza: sisi tunajivunia nini, na kingegeuzwaje?

Tahadhari mbili kabla ya kufundisha

Usilibandike jina la nchi ya leo juu ya kifungu. Kila kizazi kimepata Babeli yake kwenye taarifa ya habari, na kila kizazi kilichofuata kimebidi kuibandua.

Ya pili ni nzito zaidi. Baadhi ya picha hizi zinaufanya mji mwanamke, kisha zinamwadhibu kwa kumvua nguo hadharani: Nahumu 3:5-6, Isaya 47:2-3. Katika darasa lenye wanawake, na pengine wengine wamepitia mambo hayo kweli, usisome kwa shangwe. Eleza kuwa vita vya wakati huo viliwafanyia mateka hivyo, kwamba nabii anawarudishia washindi picha ya matendo yao, na kwamba hata hivyo picha yenyewe inauma. Ruhusu mtu aseme hivyo. Kuna jioni mama mmoja alisema, na hatukuendelea na mistari mingine siku ile.

Hatua ya 8: Angalia picha ilikosafiri

Mwisho, fungua Ufunuo 18 uweke kando ya daftari lako. Yohana ameokota karibu kila kitu. Kilio cha wafanyabiashara na manahodha wanaosimama mbali ni Ezekieli 27. Orodha ya shehena ipo tena, na inafikia mwisho kwenye miili na roho za wanadamu. "Umeanguka, umeanguka" ni Isaya 21. Jiwe la kusagia linalotupwa baharini limetoka Yeremia 51:63-64, ambapo Seraya, afisa wa mfalme wa Yuda, aliambiwa asome kitabu cha maneno juu ya Babeli, akifunge jiwe, akitupe katikati ya Frati. Na dola aliyokuwa akiisema Yohana ilikuwa Rumi, iliyoketi juu ya milima saba. Chora mishale kutoka kila mstari wa Ufunuo 18 kurudi kwa nabii wake, na uangalie amebadilisha nini.

Ukitaka pa kuanzia wiki hii, chukua Obadia. Ni sura moja, mistari 21, jivuno liko mstari wa 3, kuvunjika kuko mstari wa 4, na kuanzia mstari wa 10 utakuta kosa lenyewe: siku ndugu yake alipovamiwa, Edomu alisimama kando akitazama.